Barua kwa mwanangu anayeanza kusomea mipango miji

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeuliza ununue kompyuta ya namna gani na ujifunze programu ipi ya kuchorea kabla chuo hakijafunguliwa. Hayo tutayafikia. Kwanza tafuta rula, penseli yenye ncha ya nusu milimita, na ramani yoyote iliyoandikwa skeli yake.

Piga mstari mmoja juu yake. Kama skeli ni 1:2,500, yaani milimita moja ya ramani ni milimita 2,500 za ardhini, unene wa mstari huo ardhini ni mita 1.25, karibu upana wa kitanda cha futi 4. Kwenye ramani ya 1:10,000 mstari uleule una upana wa mita 5, chumba kizima na koridoo yake. Kwenye 1:50,000 ni mita 25, na nyumba pamoja na uwanja wake imeshafunikwa. Kazi unayokwenda kuisomea ndiyo hiyo, mwanangu: kupiga mistari juu ya mahali watu wanapolala, wanapolima na wanapozika wafu wao. Ninachokuomba ujifunze katika miaka yote ya mafunzo ni kutopiga mstari usioweza kuueleza ukiwa umesimama mbele ya mtu ambaye mstari huo unampitia.

Ndiyo maana nimetanguliza skeli kuliko programu. Kompyuta itakukubalia kukuza ramani ya 1:50,000 mpaka ijaze kioo chote, nawe utadhani umepata ramani ya mtaa. Picha imekua, usahihi haujakua. Mpango wa matumizi ya ardhi wa mji mzima unaweza kukaa kwenye 1:10,000 au ndogo zaidi (namba ikikua, skeli inapungua), lakini mchoro wa kugawa viwanja unataka 1:2,500 au kubwa kuliko hapo, na uwe umejengwa juu ya vipimo vya mpima ardhi. Angalia pia mfumo wa koordineti, zile namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Ukiweka ramani ya zamani juu ya picha ya setalaiti bila kulinganisha mifumo yake, vitu vinaweza kuhama kwa mamia ya mita, barabara ikatua mtoni. Kila unapopokea ramani, chagua alama tatu au nne zisizohama, kama kona ya daraja au bikoni (jiwe la mpaka la mpima ardhi), uzipime kwenye ramani na kwenye picha zikubaliane kabla hujachora chochote.

Masomo yenyewe yatakuwa mengi: sheria ya ardhi, uchumi, takwimu, mazingira, usafiri, mifumo ya taarifa za kijiografia, na studio ya michoro inayokula usiku wako mwingi. Taaluma hii kufundishwa chuoni si jambo la kale. Idara ya kwanza ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Liverpool mwaka 1909, mwaka uleule Uingereza ilipotunga sheria yake ya kwanza ya mipango miji. Kwa hiyo usishangae ukiona walimu wako wametoka kwenye uhandisi, jiografia au usanifu majengo. Wasikilize wote, ila ujue kila mmoja ana jicho lake.

Mmoja wa waliotuwekea misingi hakuwa mchoraji kabisa. Patrick Geddes alikuwa mwanabayolojia wa Uskoti, na alishikilia kwamba uchunguzi hutangulia mpango, kama vile tabibu hachomi sindano kabla ya kupima. Alipofika India mwaka 1914 alikuta mitaa ya zamani ikipangiwa kubomolewa ili barabara pana zipite. Yeye alitembea ndani ya mitaa hiyo, akaonyesha kwamba kwa kutoa nyumba chache zilizochakaa na kufungua viwanja vidogo vya wazi, hewa na njia hupatikana kwa gharama ndogo, na wakazi wengi wakabaki kwao. Hilo bado ni somo la wiki hii kwa yeyote anayeshika kalamu juu ya makazi yaliyojengwa bila mpango.

Basi ujue namna ya kutembea. Chukua ramani yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), daftari, kamera na tepu ya mita 50. Anza na maji: fuata mkondo kutoka juu hadi unakoishia, ikiwezekana siku ya pili baada ya mvua kubwa, na kila penye alama ya tope ukutani pima kimo chake toka chini. Waulize waliokaa muda mrefu maji yalifika wapi mwaka wa mvua mbaya kuliko yote. Halafu rudi kwa ajili ya watu, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko, maana mtaa uliolala saa nne asubuhi huweza kuwa soko saa kumi na mbili jioni. Hesabu magari, baiskeli na waendao kwa miguu kwa vipindi vya dakika 15, uone saa ya pilikapilika iko wapi. Waendao kwa miguu wasiachwe. Ndio wanaosahauliwa kwanza, na mara nyingi ndio wengi.

Na ukiona kijia kilichokatwa na nyayo katikati ya uwanja, kipime na ukichore. Hakuna aliyelipwa kukitengeneza. Watu wameonyesha wenyewe mahali wanapotaka kupita. Ukiweka uzio juu yake, wataukata.

Picha ya setalaiti haitakuonyesha makaburi yaliyo chini ya miti, misingi iliyochimbwa juzi, wala kwamba ghorofa ya chini ni karakana na ya juu wanaishi familia tatu. Mwanafunzi anayechora kwa picha peke yake hugawa viwanja vizuri sana juu ya makaburi.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo michoro mingi mizuri inapofia. Tuseme umepewa hekta 40 upange makazi yenye viwanja vya wastani wa mita za mraba 400. Mwenye haraka anagawa mita za mraba 400,000 kwa 400, anaandika viwanja 1,000, na kiongozi anatangaza 1,000. Wewe toa kwanza ardhi isiyojengeka. Kama bonde la maji na kingo zake vinachukua hekta 6, zimebaki 34. Barabara na njia zikila asilimia 25 ya hizo, ni hekta 8.5. Shule, zahanati, soko na maeneo ya wazi yakichukua asilimia 15, ni hekta 5.1. Umebaki na hekta 20.4, nazo ni viwanja 510. Bado hujapoteza zile pembe za ajabu ambazo hazitoshi kiwanja. Yule aliyeahidi 1,000 atavipata vingine wapi? Ataanza kwa kumega maeneo ya wazi, kisha ya shule, kisha bonde. Ukiona mtaa usio na uwanja wa watoto kucheza, mara nyingi chanzo chake ni ahadi iliyotolewa kabla ya hesabu ya kutoa.

Idadi ya watu nayo ina mtego wake. Mji wenye watu 20,000 unaokua kwa asilimia 4 kwa mwaka hauongezeki watu 800 kila mwaka kwa miaka 20 ukafika 36,000. Waliozaliwa na waliohamia nao wanaongeza, kwa hiyo unafika karibu 43,800. Tofauti ya watu 7,800, kwa kaya za watu watano, ni kaya kama 1,560 ambazo mpango wako haukuziwekea maji, darasa wala kiwanja. Zitajenga hata hivyo, penye nafasi, na penye nafasi ni pale ulipopaka rangi ya kijani ya maeneo ya wazi. Andaa daima makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu, na uandike wazi umechukua lipi na kwa nini. Angalia pia ukubwa wa kaya. Watu 20,000 kwa kaya za watano wanataka nyumba 4,000. Kaya zikishuka kuwa za wanne, watu walewale wanataka 5,000 bila hata mtoto mmoja kuzaliwa.

Maji ya mvua si kazi ya mhandisi peke yake, kwa sababu rangi unayopaka wewe kuonyesha matumizi ya ardhi ndiyo inayoyaongeza. Kwa eneo dogo kuna kanuni nyepesi: zidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) kwa nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, gawa kwa 360, utapata mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 10 za majani, zenye kigawo cha 0.2, zikipigwa na mvua ya milimita 60 kwa saa hutoa karibu lita 330 kwa sekunde. Zijenge mapaa, lami na sakafu mpaka kigawo kifike 0.7, na mvua ileile itatoa karibu lita 1,170. Kalavati lililo chini halikupanuka. Nyumba zitakazofurika ni za watu wa mtaa wa chini ambao hawakuwahi hata kuuona mchoro wako, kwa hiyo tembelea na huko chini kabla ya kupaka rangi huku juu.

Kuhusu umbali, usiamini bikari. Tumezoea kusema mita 400 ni kama dakika tano za kutembea, na wengi huchora duara la mita 400 kuzunguka shule wakahesabu kila aliye ndani kuwa amefikiwa. Mto mmoja usio na daraja unageuza mita 400 za bikari kuwa mita 900 za miguu. Pima kwenye njia zenyewe. Mteremko nao usomeke: kontua za kila mita 2 zikiwa zimeachana milimita 8 kwenye 1:2,500, hizo ni mita 20 ardhini, mteremko wa asilimia 10. Kiti cha magurudumu hutaka asilimia 8 au pungufu, yaani kama moja kwa kumi na mbili, na hata hapo kinahitaji mahali pa kupumzikia.

Nakuja kwenye mikutano ya wananchi. Mwaka 1969 Sherry Arnstein aliufananisha ushirikishwaji na ngazi yenye vidato vinane, cha chini kabisa kikiwa kuwachezea watu akili na cha juu wao wenyewe kushika hatamu. Mikutano mingi hukwama vidato vya chini kwa sababu moja ya kawaida sana: mchoro umeshapakwa rangi, umeshawekwa fremu. Wewe nenda mara ya kwanza na ramani ya hali ilivyo, isiyo na pendekezo hata moja, na kalamu nyingi. Waache waweke alama za mafuriko, za hatari usiku, za ardhi yenye mgogoro. Waite wapangaji pamoja na wenye nyumba, na upange saa ambayo mama mwenye genge anaweza kuja. Mkutano wa pili peleka chaguo mbili au tatu. Wa tatu peleka jedwali linaloonyesha kila hoja iliyotolewa, kilichobadilishwa, na kisichobadilishwa pamoja na sababu yake. Jedwali hilo litakuokoa pia mbele ya sheria, maana hatua ya kutoa taarifa au kusikiliza pingamizi ikirukwa, mpango mzima unaweza kubatilishwa.

Na kila mara jiulize nani hayumo kwenye mchoro. Brasília, mji mkuu wa Brazili, ulichorwa na Lúcio Costa kwa umahiri mkubwa na ukazinduliwa 1960. Lakini vibarua walioujenga hawakuwekewa mahali pa kuishi ndani yake, na mji wa pembeni wa Taguatinga ulikuwa umeshaanzishwa 1958, kabla mji wenyewe haujazinduliwa. Wafagizi, mafundi na wapishi wa mji wako wana watoto. Wape kiwanja kwenye ramani, la sivyo watajitafutia.

Ukimaliza chuo, nchi nyingi zitakudai miaka ya kufanya kazi chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa. Chagua ofisi itakayokutoa nje kuliko ile yenye viyoyozi. Omba miezi michache kwenye dawati la vibali vya ujenzi usome mafaili ya maombi yaliyokataliwa, kwa sababu humo ndimo utaona mpango unapogongana na maisha. Omba kufuatana na mpima ardhi akipanda bikoni. Daftari la mazoezi ya kazi liandike siku ileile: nini kiliamuliwa, nani aliamua, sababu gani, na wewe ungefanyaje. Ukiachia mpaka mwisho wa mwezi, utaandika hadithi, na msimamizi atasaini hadithi. Faili la ardhi ya ndugu au rafiki likikufikia, lirudishe kwa maandishi siku hiyohiyo, hata kama ombi lenyewe halina kasoro.

Sasa kompyuta. Yoyote yenye kumbukumbu ya kutosha kufungua picha kubwa itafaa, na programu huria za ramani zipo bila malipo, anza nazo.

Mchoro wako wa kwanza wa studio nitumie kabla ya kuupaka rangi. Andika pembeni hekta za barabara, za huduma, za bonde na za viwanja, uzijumlishe zilingane na eneo lote. Tofauti ikizidi asilimia moja, tafuta maeneo yaliyopandana au yaliyoachiana nafasi, mara nyingi ndiyo yanayoharibu hesabu. Na utie alama mbili tofauti: moja mahali uliposimama kwa miguu yako, nyingine mahali ulipoamini picha.

Ni mimi,
Mama yako