Mkuu wa Mkoa, vyuma vya daraja vikae Moshi kabla ya masika

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, shikamoo. Mimi mkazi wa huku chini, njia ya Kahe, nina ombi moja tu.

Mito yetu unaijua, huku jua linawaka watu wameanika mahindi kumbe juu Uru na Old Moshi imenyesha usiku kucha, unashtukia maji haya hapa na kidaraja kimeshaenda. Vijana wanalaza magogo, pikipiki inavushwa mabegani kwa buku, mama wa nyanya analipia kichwa chake na tenga nalo analilipia, mgonjwa ndo usiseme. Ukiuliza unaambiwa mkandarasi anatafutwa.

Sasa mheshimiwa, wahandisi wa jeshi duniani wana daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunga vinaitwa paneli, alilibuni Mwingereza Donald Bailey kwenye vita ya pili ya dunia na mpaka leo linatumika. Paneli moja ina mita 3 na kidogo, kilo kama 260 hivi, watu sita wanaibeba kwa mikono, kreni ya nini. Wanaziunga kwa pini wakiwa ng'ambo moja, chini wameweka rola, halafu wanalisukuma taratibu, mbele limefungwa pua nyepesi ili lisije likapinduka mtoni kabla halijagusa upande wa pili.

Ila vyuma peke yake havitoshi. Mafuriko yanakula kingo, mto uliokuwa mwembamba unakuta umepanuka, na daraja halikai kwenye udongo uliomeguka. Kingo ndo zinataka gabioni (vile vikapu vya waya vya kujaza mawe) na vipimo mapema, na kibao cha uzito kiwekwe na kiheshimiwe (malori ya mchanga mnayajua wenyewe).

Kwenye maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, Desemba 2023 tuliwaona wanajeshi wa JWTZ wakisaidia watu, heshima kwao, lakini pale maafa yalishatokea. Wewe ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, jeshi unakaa nalo meza moja. Naomba uwaombe wahandisi wa medani waje Januari au Februari mto ukiwa chini mtu anavuka na ndala, wapime vivuko vyote vibovu, na paneli zihifadhiwe hapahapa Moshi sio zisubiriwe kutoka mbali barabara zenyewe zimekatika. Wakija waje na futi kamba tu, maji huwa yanafika wapi tutawaonesha sisi, na kiburu cha mchana tutapika.