Kabla ya kumtoboa maksai, nendeni machinjioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nami nitoe langu. Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesomea mifugo alikuja kunisalimu hapa Chamwino, akiwa na andiko lake la utafiti. Anataka kujua kama mabua ya mtama yakichanganywa na mashudu ya alizeti yanameng'enywa vizuri zaidi tumboni mwa ng'ombe. Swali zuri sana kwa Ugogo, ambako kiangazi ng'ombe huishi kwa mabua. Nilipofika ukurasa wa tano nikakuta "maksai watatu watakaotobolewa ubavuni". Nikavua miwani.

Wasomaji wengi hawajamwona ng'ombe wa namna hiyo. Ubavu wake wa kushoto hukatwa, tumbo la kwanza likashonewa kwenye ngozi, kisha hupachikwa mdomo wa mpira wenye kizibo. Mtafiti huzibua, akatumbukiza vifuko vya nailoni vyenye malisho yaliyosagwa, na baada ya saa kadhaa huvitoa kupima kilichobaki. Kazi hiyo naijua, maana nilikuwa fundi wa maabara hadi nilipostaafu. Kituo sitakitaja.

Maksai wa kwanza niliyemshika kichwa akikatwa alikuwa mwekundu, pembe moja imepinda. Alichomwa ganzi, hilo sikatai. Lakini lignokaini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, ikishaisha nguvu baada ya saa moja au mbili, mnyama hubaki na kidonda chake, na dawa ya maumivu ya siku zinazofuata haikuwamo kwenye bajeti. Siku tatu alisimama kwenye kona ya zizi akisaga meno, hacheui. Mkubwa wetu akasema amesusa tu. Tangu lini ng'ombe akasusa? Mtoto yeyote anayechunga atakwambia kuwa ng'ombe asiyecheua anaumwa. Baadaye alipona, akanenepa, akaishi miaka mingi na kile kizibo chake. Zile siku tatu ndizo zisizonitoka.

Njia nyingine ipo, tena si ya jana. Mwaka 1963 Tilley na Terry, wa Uingereza, walieleza namna ya kumeng'enya majani ndani ya chupa kwa majimaji ya tumbo la mnyama anayecheua. Mwaka 1979 Menke na wenzake kule Hohenheim, Ujerumani, wakaonyesha kwamba malisho ya miligramu 200 tu yakiwekwa na majimaji hayo ndani ya bomba la sindano la kioo, gesi inayotoka kwa saa 24 inakupa picha ya ubora wake. Mtu ataniambia majimaji yenyewe huchotwa kwa ng'ombe aliyetobolewa. Ndivyo ilivyozoeleka, lakini majimaji hayohayo humwagwa kila siku machinjioni.

Sisi tulifika machinjioni saa kumi na moja alfajiri na chupa mbili za chai, tumezijaza maji ya moto tangu nyumbani. Tumbo likipasuliwa tu unamwaga yale maji ya moto, unakamua yale majani kwa kitambaa cha chachi, unajaza chupa hadi shingoni, kwa sababu vijidudu vya tumboni haviwezani na hewa. Unaziba, unaondoka mbio. Maabara vijidudu hivyo vinasubiriwa na maji ya nyuzi 39, joto la tumboni mwa ng'ombe. Siku moja pancha ilituchelewesha njiani, na tulichofikisha kilikuwa uji wa baridi usiofaa kitu.

Kasoro ipo: wa machinjioni hujui alikula nini jana. Ndiyo maana tulichanganya majimaji ya ng'ombe wanne, na kila mara tukaweka sampuli ya nyasi tunazozijua, tulinganishe. Wala bomba la kioo halitakuonyesha ng'ombe ameongeza kilo ngapi au ametoa maziwa kiasi gani. Hapo lazima umlishe ng'ombe mzima na kumpandisha kwenye mizani, lakini mizani haimchani mtu ubavu.

Mwaka 1959 Russell na Burch, Waingereza, walitaka mtafiti atafute kwanza njia isiyotumia mnyama. Akikosa, atumie wachache. Na hao wachache awapunguzie maumivu. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Ombi langu kwa kamati za vyuo zinazopitisha maandiko ni dogo. Mwanafunzi anayetaka kukata mnyama aandike ukurasa mzima kueleza njia nyingine alizotafuta, alizitafuta wapi, na kwa nini hazifai kwa swali lake. Na kama kisu hakikwepeki, dawa ya maumivu ya siku tatu nne iwemo kwenye bajeti, pasipo hiyo andiko lirudi kwa mwenyewe.

Mjukuu wangu alipoulizwa kwa nini maksai, alijibu kwamba waliomtangulia walifanya hivyohivyo. Nikamwuliza kama ameandika hilo kwenye andiko. Akacheka, kisha akaomba nimwonyeshe. Jumatatu alfajiri tunakwenda machinjio ya Kizota. Chupa ya chai nimeshaichukua, na bibi yake ametangaza kwamba hiyo hairudi tena jikoni kwake.

Fundi wa maabara mstaafu,
Chamwino, Dodoma