Mvua inayoua Hell's Gate hunyesha mbali na korongo

Mhariri,

Shule zinakaribia kufungwa na makundi ya vijana, ya makanisa na ya wafanyakazi yameanza kuchangishana pesa za safari ya mbuga ya Hell's Gate. Nafurahi sana kuona hivyo. Mbuga ambazo Mkenya wa kawaida anaweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, akawapita pundamilia, ngiri na twiga bila kioo cha gari katikati, si nyingi. Unapanda matatu hadi Naivasha, unakodi baiskeli karibu na lango la Elsa, unabeba maji ya kutosha, unaingia. Ombi langu ni moja tu: tuache kulichukulia korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya mbuga hiyo, kuwa sehemu ya lazima ya safari.

Korongo lile ni njia ya maji tangu asili yake. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko tunavyolijua leo, na lilipojaa lilimwagikia kusini kupitia hapo, maji yakizila taratibu tabaka za majivu ya volkano zilizokuwa zimegeuka mwamba laini. Kuta zake zina mapindo kama zilizopigwa msasa. Kuna mahali zinakaribiana hadi ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili, na ukiinua macho anga imebaki ukanda mwembamba. Kwenye nyufa hutoka maji ya moto. Ukiyagusa unarudisha kidole mara moja. Joto hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme wa Olkaria, hatua chache kutoka hapo, tangu 1981. Sishangai hata kidogo kwamba kila anayefika anataka kushuka.

Ziwa halimwagiki tena upande huo, lakini mvua bado inafuata njia ileile. Hunyesha kwenye miinuko ya mbali, maji yakakusanyika katika mikondo ya mchanga iliyokuwa mikavu asubuhi, kisha yakaingia korongoni kwa kishindo pamoja na matope na mawe. Aliye chini huenda bado anaota jua. Akisikia mngurumo, kuta zimeshamzunguka na pa kupandia ni pachache.

Aprili 2012 vijana waliokuja na kikundi cha kanisa walisombwa humo wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yakaua watu saba, akiwemo mwongozaji wao, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo. Hebu tutazame miezi hiyo. Aprili ni masika, mtu angeweza kusema tulijua. Septemba je? Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Lazima kuuliza siku hiyohiyo mawingu yako wapi na juu kumenyesha nini.

Wanaojua jibu ni waongozaji, wengi wao vijana waliokulia hapo. Shida ni sisi wageni. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakimbembeleza mmoja wao: "Kaka, tumetoka Nairobi alfajiri, tushushe hata kidogo tu tupige picha." Yule kijana alitazama mawingu upande wa Mlima Longonot, akatazama kundi, akanyamaza. Anaishi kwa malipo ya siku. Kumlazimisha achague kati ya chakula cha watoto wake na usalama wetu ni kumwonea.

Na siku isiyofaa kushuka si siku iliyopotea. Mnara wa Fischer uko palepale, mwamba uliobaki wa lava ya kale, na wapanda miamba huujia kwa kamba zao. Barabara ya katikati ya mbuga, kati ya majabali mekundu wanakoruka tai, inamtosha mwendesha baiskeli mchana kutwa. Hata hivyo, nyati wapo. Msijitenge na kundi. Wenye miguu imara wanaweza kupanga Longonot siku nyingine, wapande hadi ukingoni mwa kreta na kilele chake cha mita 2,776.

Kwa viongozi wa makundi: pigeni simu langoni kabla ya kuondoka, na korongo likiwa limefungwa msitafute njia ya pembeni. Mwongozaji akisema leo hatushuki, mlipeni malipo yake yote, kana kwamba mmeshuka na kurudi.

Mpenda milima,
Nakuru