Laki tatu za maulidi

Athens, Jumapili usiku

Dada mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, baridi imepungua, kazi ya hotelini ipo, si haba. Laki tatu unazoomba za maulidi nimezisikia. Ila kwanza tumalizane ya mwaka jana. Ng'ombe wa maulidi nilinunua mimi, kipaza sauti kikamtaja Ba'mdogo! Nimeiona ile video. Watu wanamwombea dua naye ameinamisha kichwa kama kweli.

Huku wenzetu wa zamani wasingethubutu. Pale Plaka, njia yangu ya kazini, upo mnara wa tajiri mmoja, Lysicrates. Aligharamia kikundi cha wavulana waimbaji, wakashinda mashindano, mwaka 334 K.K. Jiwe limemtaja yeye na baba yake, hata mpiga zumari yumo.

Usidhani mashindano hayo yalikuwa mchezo tu. Yalikuwa ibada ya mungu wao Dionysus, mji mzima unafurika uwanjani chini ya kilima cha Acropolis, kama sisi na maulidi (astaghfirullahi, nalinganisha tu). Kiti cha mawe cha kuhani kipo mpaka leo, mbele katikati. Waliutakasa uwanja kwa kuchinja watoto wa nguruwe. Hapo usimsomee Mama. Kisha wanapita vijana ambao baba zao walifia vitani, mji umewalea kwa fedha yake, siku hiyo wamevalishwa silaha. Mwalimu wetu wa maigizo, akitusimulia, alipofika hapo nilimkumbuka Baba, nikatoka nje kidogo.

Sasa sikia: nimechaguliwa kwenye mchezo wa kuigiza! Waitikiaji, yaani kikundi cha kuimba, tuko 12, mweusi peke yangu. Tunacheza ule wa Aeschylus, mtunzi wao wa zamani, kuhusu Waajemi. Ulipochezwa mwaka 472 K.K., Pericles mwenyewe, yule aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Athens, ndiye aliyetoa fedha ya waitikiaji. Wagiriki wameshinda vita, miaka minane haijatimia, wanakaa kumtazama adui wao akilia! Kwenye kilio mimi najipiga kifua, naanza chini, napanda, sauti inakatika. Chumba kizima kimya. Mwalimu kaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa Shangazi, kila msiba wa mtaani. Mwambie, atafurahi.

Haya, laki mbili zinakuja Ijumaa. Ile ya tatu itabaki kwangu mpaka usiku wa maulidi. Nipigie, uiweke simu karibu na spika, nisikie jina langu likisomwa, langu na la Baba. Likisomwa la Ba'mdogo, nakata.

Na ile kanga yangu ya bluu, nani anaivaa?

Mdogo wako