Warsha ya falaki ifanyike Magarini, si hotelini

Kwako Mhariri,

Walimu kadhaa wa Malindi, nami nikiwamo, tunaandaa warsha ya falaki ya siku tatu kwa wenzetu wa shule za Magarini zilizokumbwa na mafuriko ya Mto Sabaki. Naomba nafasi nieleze kwa nini napinga pendekezo la kuifanya katika hoteli ya mjini.

Mto ulifurika mwishoni mwa 2023 na tena mwaka uliofuata, wakati muhula wa pili ulipoahirishwa nchini kote hadi Mei 13. Mwalimu ambaye bado anajenga upya hawezi kuiacha familia yake siku tatu, na hata akija, taa za mji zitamficha nyota alizoitiwa.

Tarehe nayo isipangwe kwa kalenda ya ofisi peke yake. Masika ni mawingu matupu. Afadhali tungoje likizo ya Disemba, vuli ikiisha na kaskazi ikivuma, na tuchague mwezi wa siku saba au nane tangu uandame, ili jioni darubini ndogo ya mkononi ionyeshe mashimo yake, kisha uzame kama saa sita usiku na kuwaachia nyota mbingu. Siku hizo ni za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Mtoto wa mvuvi analijua hilo kabla hajaingia darasani, hivyo mwalimu anaweza kuanzia hapo kueleza kwa nini bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kijiti kilichosimikwa uwanjani kitatosha kwa somo la jua, ambalo hapa kwetu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, hupita utosini karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba.

Wapo wanaouliza nyota zina faida gani kwa aliyepoteza shamba. Wazee wetu walipanga kilimo kwa kukitazama Kilimia, lile kundi la nyota, na ni katika bahari ya Ngomeni, Magarini hiyo hiyo, ambako Disemba 12, 1970 ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Hata hivyo, walimu wenyewe waulizwe kwanza. Wakisema wanahitaji madawati kabla ya darubini, tuahirishe.

Kwa sasa tunatafuta shule iliyo mwinuko, yenye paa zima na uwanja ulio mbali na njia ya viboko.

Mwalimu wa sayansi,
Malindi