Asante, muuguzi wa zamu ya usiku

Dada yangu muuguzi, jina lako sikulishika. Nakumbuka sweta ya bluu juu ya sare na kalamu uliyoichomeka kwenye nywele. Mfuko wa damu ulikuwa umeshatundikwa, mama amepauka, na mimi nakuharakisha. (Nisamehe kwa maneno yale.) Ukakataa kufungulia.

"Shikamoo mama. Niambie majina yako matatu."

Alipojibu kwa shida, ukamulika lebo kwa tochi ya simu, ukamwita mwenzako naye asome. Jina la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu silo. Mfuko ni wa kundi A. Mama ni O. Damu ya A ikiingia kwa mtu wa O, kinga yake huzivamia chembe nyekundu na kuzivunja, figo zinaweza kugoma, hata kifo.

Mfuko sahihi ulipofika, ulikaa naye dakika 15 za mwanzo ukimpima joto na mapigo. Kisha ukaliandika lile kosa kwenye daftari la matukio, bila kumgombeza aliyeuleta.

Mama anakusalimu sana. Jana kasonga ugali mwenyewe.