Kaka, jina langu lisiandikwe kwenye hati ya Iyunga

Leicester, Uingereza

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yake kwanza, kisha umsomee barua hii yote, hata pale utakapoona nimekugusa.

Ujumbe wako wa vyumba sita vya wapangaji unavyotaka tujenge kwenye kiwanja cha Iyunga, pale Mbeya, kwa jina langu, nimeupata, pamoja na picha ya mchoro wa fundi. Mchoro ni mzuri, na ninakubali kwamba wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, hawatakwisha kutafuta vyumba, ingawa sote tunajua chuo kikifungwa milango hubaki na makufuli miezi kadhaa. Ninachokikataa ni yale uliyoyasema mbele ya wajomba kule Tukuyu, kwamba nimekuwa Mzungu, natafuta nyumba ya kustarehe ilhali nyumbani sina hata tofali moja. Maneno hayo yameniuma kuliko fedha niliyoituma ya Iwambi kwa neno la mdomo nikaipoteza.

Mwaka 2022 nilifungua akaunti ya akiba ya kununulia nyumba, ambayo kwa mwaka unaruhusiwa kuweka hadi pauni 4,000 na serikali ya huku inakuongezea robo yake. Nimeijaza miaka minne mfululizo, yangu 16,000 na yao 4,000, na katika wodi yetu hakuna mwingine aliyefika hapo. (Zamu za usiku zilizonifikisha tuziache.) Lakini fedha hiyo ni ya mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza, na sheria inapotaja ya kwanza inahesabu dunia nzima. Siku nitakapoandikwa mmiliki wa nyumba Mbeya, hata iwe ya vyumba viwili, haki hiyo imekwisha. Nikiitoa kwa shughuli nyingine wanakata robo ya yote, nabaki na 15,000, pungufu ya nilizoweka mwenyewe. Tena nyumba ninayoitaka, ya pauni 210,000, ambayo sasa haina kodi ya ununuzi kwangu, itanidai 1,700.

Uliuliza kwa nini nisiinunue nikaipangisha, mimi nikaendelea na chumba changu. Haiwezekani, kwa sababu akiba hii ina sharti kwamba niishi humo mwenyewe. Ningekuwa na fedha isiyo na masharti ningeanza na ya wapangaji, kwa kuwa kodi ya miezi sita ikilipwa kwa mkupuo ingeinua nyumba nyingine.

Jumamosi nilikwenda kuiangalia. Chini ya dirisha la jikoni rangi ilikuwa imevimba kwa unyevu, nikaikwangua kwa ukucha hadi nikaona tofali, lile jekundu la kuchoma kama la nyumba ya baba, nikasimama pale hadi dalali akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimekumbuka Julai ya kwetu, mlima Loleza umefunikwa na ukungu, mama ameingiza jiko la mkaa sebuleni na viazi vya Uporoto vinachemka. Chumba cha nyuma nilikipima kwa hatua, na kitanda cha mama kinaenea.

Sasa sikia ninachopendekeza. Kiwanja cha Iyunga kibaki kwa jina la mama kama baba alivyokiacha, na jengo liwe la mama kweli, kodi aipokee kwa mkono wake na aamue mwenyewe matumizi yake. Mimi nitachangia kama mtoto anavyomchangia mzazi, wala sitakuwa mwenye nyumba aliyejificha nyuma ya jina lake. Nikishakabidhiwa funguo nitatuma fedha ya msingi, tuanze na vyumba viwili na choo cha ndani, tupaue, wapangaji waingie, ndipo tuzungumzie vile vinne. Risiti za saruji na nondo atanitumia Atupele. Usinielewe vibaya, kaka, baada ya Iwambi siwezi tena kutuma fedha kwa neno la mdomo.

Nijibu kabla ya mwezi kwisha. Mwanasheria anayeshughulikia ununuzi ataniletea tamko la kutia sahihi kwamba sijawahi kumiliki nyumba popote duniani, na uongo sitautilia sahihi. Kama umeshapeleka jina langu ardhi, kaliondoe wiki hii, kisha unipigie simu.

Ndaga fijo.

Mdogo wako